Ngozi ya Maksai wa Soin

Ningeweza kukataa. Asubuhi ile watu wawili walisimama kwenye zizi letu wakaniomba maksai ambaye hakuwa wa baba yangu, nami nikawaambia wamfunge nira. Hakuna aliyenilazimisha. Baba alikuwa amekwenda upande wa Sotik kwa mazungumzo ya mahari ya binamu yangu, na mimi ndiye niliyebaki mwanamume mkubwa nyumbani. Neno moja lingetosha.

Lazima nieleze maksai yule alikuwa wa nani. Zamani zile, katika miaka ya thelathini, mtu wa kwetu hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki, huyu wawili, yule watatu, ili ugonjwa ukiingia mahali pamoja asibaki mikono mitupu. Desturi hiyo inaitwa kimanagan. Anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini mnyama si wake. Ndama akizaliwa, humpelekea mwenyewe habari. Mnyama akifa, huchukua ngozi na kuipeleka kwa mwenyewe, hata kama ni safari ya siku nzima, ili aione kwa macho yake na ajue kwamba ng'ombe hakuuzwa wala kuliwa kwenye sherehe. Akifa kwa ugonjwa, hakuna deni. Ngozi inamaliza maneno yote.

Baadhi ya ng'ombe wetu walikuwa wa mtu wa Soin, kule chini kwenye joto na kupe wengi. Yeye na baba walitahiriwa pamoja na kukaa jandoni katika nyumba moja, na sisi watoto tulimwita baba kama tulivyomwita wetu. Alimletea baba ng'ombe wa maziwa wakati mimi bado natambaa. Mursik, maziwa yetu ya mgando, niliyokuzwa nayo ilitoka kwa ng'ombe wa Soin, na karo ya shule yangu ilitokana na fahali wetu, ambao baba aliweza kuwauza kwa sababu nyumba haikulala njaa. Maksai huyu alikuwa mzao wa mmoja wa ng'ombe hao, mweusi tititi, mpole, na mwenye shingo nene.

Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya mbali baada ya kusoma sekondari kwa miaka miwili. Nilirudi nikiwa na kiatu kizuri na mdomo mrefu. Nilijua mbegu inavyochaguliwa kutoka katikati ya gunzi, nilijua samadi inavyoozeshwa, na nilimweleza kila aliyesimama. Waliosimama kweli walikuwa wawili. Mmoja alikuwa jirani yetu aliyewahi kuwa nyapara kwenye shamba la chai la Wazungu upande wa Kericho. Mwingine alikuwa mjane wa ng'ambo ya kijito, mama mwenye sauti kubwa, ambaye marehemu mumewe alimwachia maksai wawili na plau.

Tulikubaliana kufanya majaribio. Nyumba zetu tatu zilikuwa na mteremko mmoja uliopakana, na tungeulima kama shamba moja kisha kuugawa sehemu tatu. Ya kwanza tungemwaga mbegu kwa mkono, kama tulivyozoea kumwaga wimbi. Ya pili tungepanda mahindi kwa mistari. Ya tatu ingekuwa mistari pamoja na samadi, na kupalilia mara mbili. Sehemu itakayozaa vizuri ndiyo tungeifuata wote mwaka unaofuata, na mahindi tungewauzia wenye mashamba ya chai, ambao daima walitafuta posho ya vibarua wao.

Nyapara ndiye aliyeleta kamba ya kupimia mistari. Aliifunga mafundo kama walivyofanya wakati wa kupanda miche ya chai.

"Chai wametukataza kupanda," alisema. "Kamba hawajasema kitu."

Majirani walicheka. Mzee mmoja alipita akauliza kama mahindi yetu yatapanga foleni ya kulipa kodi. Mjane alimjibu kwamba ya kwake mzee yamekimbia kodi, ndiyo maana yametawanyika hivyo.

Lakini kabla ya mistari ilibidi tuvunje ardhi, na mteremko ule ulikuwa na nyasi za miaka mingi. Plau ilihitaji maksai sita. Mjane alikuwa na wawili, nyapara wawili, nasi wawili. Mvua zikaanza mapema. Usiku wa pili wa mvua mmoja wa maksai wetu alikanyaga shimo, na asubuhi akawa anachechemea. Hapo ndipo wale wawili walipokuja zizini.

"Tungoje apone," nilisema kwanza. Namshukuru Mungu kwamba nilisema hivyo, ingawa haikunisaidia.

"Tungoje mpaka lini?" aliuliza nyapara. "Si wewe ulisema mbegu ikichelewa majaribio ni bure? Ama hiyo ilikuwa ya shuleni tu?"

Mjane alikuwa anamtazama yule mweusi. "Huyu je? Huyu anakula tu kama mkwe."

"Ni wa Soin."

"Najua ni wa Soin. Soin ni mbali?"

"Baba hayuko."

"Basi wewe ni nani hapa, mwanangu? Mgeni?"

Alisema kwa mzaha. Nyapara alicheka kidogo, akatazama chini. Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote, na jibu lake lilikuwa rahisi: mimi ni mtoto wa mtunzaji, na mtunzaji hana ruhusa. Badala yake niliwaza jinsi ambavyo ningeonekana mtu wa maneno matupu. Nikasema, "Mfungeni."

Alivuta vizuri kuliko wote. Kwa siku mbili za kwanza alishangaa, kisha akaelewa. Wakati baba aliporudi kutoka Sotik, nusu ya mteremko ilikuwa imegeuka nyeusi, na alitukuta tukigeuza plau mwisho wa shamba. Alisimama ukingoni akiwa na fimbo yake. Hakupaza sauti.

"Mwenyewe ameambiwa?"

"Nitakwenda Soin nimwambie," nilijibu.

"Nenda kabla ya wiki kuisha. Atakubali. Lakini aambiwe."

Kabla ya wiki kuisha tulikuwa tunapanda. Baada ya kupanda kulikuwa na ndege wa kufukuza, kisha palizi. Kulikuwa na mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu, mtu wa upande wa ziwa, ambaye alipita kwetu kila baada ya muda akielekea Soin. Baba aliponiuliza tena, nilimwambia kwamba nimemtuma mchuuzi huyo na neno. Nilikuwa na nia ya kumtuma kweli. Alipopita tena nilikuwa shambani, au nilisahau, au niliona aibu kumpa mtu wa samaki maneno ya wazee. Sijui tena ni ipi.

Jioni moja baba aliuliza, "Jibu limetoka Soin?"

"Limetoka," nilisema. "Alicheka, akasema ni sawa."

Baba naye akacheka. "Ndiye huyo," alisema. "Angesema nini kingine?" Akaendelea kunywa maziwa yake.

Hilo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Baba alimpenda mtu yule kiasi kwamba uongo wangu uliingia kwake kama kitu alichokuwa akikingoja.

Mavuno yalitushangaza hata sisi. Sehemu ya kumwaga mbegu ilizaa kama kawaida. Sehemu ya mistari ilizaa zaidi, na watoto waliweza kupalilia bila kukanyaga miche. Sehemu ya samadi ilijaza ghala letu hadi mjane akaagiza lingine lijengwe kwa haraka, na huku akiwasimamia wajengaji akawaambia wajenge kubwa, yeye si mtu wa mwaka mmoja. Tuliuza kwenye mashamba ya chai, na mengine tulipeleka soko la Chepilat, ambako watu wa kabila jirani ng'ambo ya mpaka walikuja na ndizi na vyungu. Watu walianza kuja kuona shamba. Yule mzee wa foleni ya kodi alikuja kuazima kamba. Mwaka wa pili nyumba nyingine zilitaka kuungana nasi, na tukapata plau ya pili. Siwezi kusema majaribio yalikuwa mabaya. Hadi leo wajukuu wanapanda kwenye mteremko ule kwa mistari, na hawajui kwamba kulikuwa na namna nyingine.

Maksai mweusi alilima mwaka wa kwanza, na alilima wa pili. Nira ilimkwaruza shingo mbele ya nundu, nywele zikanyonyoka, ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Alipopumzika zilimea tena, lakini zilimea nyeupe. Mtu yeyote angeziona akiwa mbali.

Baada ya kulima mwaka wa pili aliugua ugonjwa wa kupe. Tezi zilimvimba chini ya masikio, akakohoa, akakataa majani. Plau haikumwua. Wengine wa jirani ambao hawakujua nira walikufa wiki hizo hizo. Baba alimchuna mwenyewe kwa uangalifu mpaka shingoni, akaitandaza ngozi kwa vigingi, na ilipokauka aliikunja akanipa niibebe.

"Twende wote," alisema. "Umezungumza naye kwa mdomo wa mchuuzi. Sasa mzungumze uso kwa uso."

Tuliteremka kwenda Soin. Njiani kote nilikuwa na nafasi ya kusema. Baba alitangulia, akinisimulia habari za jandoni ambazo mtu huruhusiwa kumwambia mwanawe aliyetahiriwa, jinsi yeye na rafiki yake walivyolala kwenye ngozi moja kwa baridi, jinsi walivyoiba asali. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo kabla wala baadaye. Nilibeba ngozi begani, nikaendelea kuteremka.

Mwenyeji wetu alitupokea vizuri. Tulipewa maziwa, tukaulizwa habari za nyumbani, za mvua, za binamu aliyeolewa Sotik. Kisha baba akasema alichojia, na mimi nikaitandaza ngozi uani.

Mtu wa Soin aliinama. Alipitisha kiganja kwenye ngozi kuanzia mkiani, taratibu, kama anayemsalimu mnyama. Alipofika shingoni, kiganja kikasimama juu ya zile nywele nyeupe.

"Hii ni nini?"

"Si ndiyo nira," alisema baba huku akitabasamu. "Ulisema ni sawa, na sisi tukalima kweli. Hukujua ng'ombe yako ni fundi."

"Nilisema lini?"

"Neno ulilotuma. Kwa mchuuzi wa samaki."

"Mchuuzi anapita hapa. Ananiuzia samaki." Alisimama, akipangusa kiganja kwenye shuka. "Alama hii naijua. Mimi pia nalima kwa plau siku hizi. Njoo nyuma ya nyumba uone, ng'ombe zangu zote za kulima ziko nayo. Ungeuliza tu. Wewe na mimi, nani angemnyima mwenziwe?"

Baba aligeuka akanitazama. Tabasamu lilikuwa bado halijamwondoka vizuri.

"Ulimtuma nani?" aliniuliza.

"Sikumtuma mtu," nikasema.

Alikuwapo mke wa mwenyeji mlangoni, na wana wake wawili. Wote walisikia. Mtu wa Soin alisema polepole, bila hasira, "Basi huyu mtoto ametuweka sisi wawili mahali pabaya." Alimtazama baba alivyosimama, akaongeza, "Lakini ng'ombe nilikupa wewe. Sikumpa mtoto." Aliinama, akaikunja ngozi kwa mikono yake, akamrudishia baba. Kwa desturi mwenyewe ndiye anayebaki na ngozi. Kurudishiwa ni kuambiwa kwamba umekuja na ushahidi usioaminiwa.

Nilinyoosha mkono niibebe. Baba alinipita, akaiweka begani mwake mwenyewe, akapanda nayo mlima wote hadi nyumbani. Alikuwa mtu mzima, na njia ile ni ya kupanda tu. Nilimfuata nyuma, mikono mitupu.

Baada ya mwezi hivi wana wa mtu wa Soin walikuja kuchukua ng'ombe wao, majike na ndama. Baba aliwasaidia kuwatoa zizini, akawataja mmoja mmoja kwa jina ili wasije wakachanganya mama na ndama wake. Mama alisimama na kibuyu kitupu. Mwaka ule tulikuwa na mahindi kuliko nyumba yoyote kando ya kijito, na maziwa ya watoto tuliyaomba kwa mjane. Alitupa bila mzaha wowote, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa.

Habari zilienea, kama zinavyoenea habari za ng'ombe. Hakuna mtu mwingine aliyeleta mnyama katika zizi letu, na watu wawili waliokuwa wametuachia ng'ombe wao waliwachukua kwa adabu, mmoja akisema ana harusi, mwingine akisema malisho. Kikundi chetu kiliendelea. Nyapara alinitetea mbele ya watu, akisema yeye na mjane ndio walionisukuma. Ilikuwa kweli kwa siku moja. Siku zote zilizofuata zilikuwa zangu peke yangu.

Mtu wa Soin hakuja kumzika baba. Nilimpelekea habari mwenyewe, kwa miguu yangu, kama nilivyopaswa kwenda mara ya kwanza. Alinisikiliza, akanishukuru, akarudi ndani.

Kabla ya maksai yule, baba alinituma kila mahali: kwa wakwe, kwa chifu, kwa wazee wa kuamua mipaka. Alipenda kusema kwamba mtoto wake amesoma, na neno lake halitapotea njiani. Aliishi miaka mingi baada ya safari ya Soin, na tulikula pamoja na kulima pamoja. Hakunigombeza. Lakini hakunituma tena popote na neno lake, hata kwa jirani, hata kuomba moto. Alipokuwa na jambo la kusema kwa mtu, alichukua fimbo akaenda mwenyewe. Miguu yake iliposhindwa, alimtuma mjane.