Miaka Aliyoandikiwa Kaka Yangu

Baba yangu alipenda mambo ya mjini kupita kiasi, na mji wake ulikuwa Dodoma. Nasema mji kwa heshima yake. Enzi hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, palikuwa na stesheni ya reli, boma, maduka machache ya Wahindi na vumbi tele. Lakini sisi wa Msalato, tuliolala kwenye nyumba za tembe na kuamshwa na ng'ombe, tuliona tumefika Ulaya.

Kila mwaka, katikati ya palizi ya uwele, Wadachi walisherehekea siku aliyozaliwa mfalme wao. Askari waliandamana, tarumbeta zikalia, ng'ombe wakachinjwa, watu wakashindana kuvuta kamba. Majirani zetu walikwenda kwa sababu jumbe aliwaamuru, wakinuna njia nzima kwa ajili ya magugu waliyoyaacha shambani. Baba alikwenda kwa raha zake. Alikuwa ameuliza siku ya kuzaliwa ni kitu gani, akaelezwa, akapendezwa mno. Kwetu mtu alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa fulani. Siku yenyewe hakuna aliyeijua. Basi baba akakata shauri kwamba familia yetu nzima imezaliwa siku moja na mfalme.

"Sherehe ipo tayari," alisema, "na nyama wanatoa wenyewe."

Mama alimcheka, lakini alitufunga nguo safi na tukaenda. Nami nakiri kwamba nilizipenda safari zile kuliko kitu chochote. Niliisikia harufu ya nyama ya kuchoma hata kabla hatujafika Miyuji, nje ya mji.

Mwaka kaka yangu alipotoka jandoni, tulimkuta karani wa boma, mtu wa pwani, ameketi mezani mbele ya uwanja. Mwaka ule kila familia iliandikiwa cheti, na chakula kiligawiwa kwa vyeti. Watoto walisimama kando ya ua wakapewa vipande vya sukari guru. Wanaume walikula nyama pamoja. Wazee waliketi mkekani, kivulini.

"Huyu kijana ana miaka mingapi?" karani akauliza.

"Huyu ni mwanaume," baba akajibu. "Ametoka jandoni."

"Mwanaume siyo hesabu, bwana. Nataka miaka."

Mama, aliyesimama nyuma yetu, akasema polepole, "Mvua kumi na mbili."

Baba akamkata jicho. Mwenye mvua kumi na mbili angesimamishwa uani na sukari guru yake.

"Niandike kumi na sita?" karani akauliza.

"Andika, bwana karani."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nina mwana aliyetoka jandoni. Mimi ni mzee."

Karani akacheka, akamwandika sitini. Baba hakuwa amefika hata arobaini na tano. Mimi niliandikwa minane, na hakuna aliyejisumbua kubisha.

Mpaka leo watu wakinisimulia baba alivyosema uongo, ninawaka. Hakusema uongo. Kwetu aliyetoka jandoni ni mwanaume, na baba wa mwanaume ni mzee. Aliulizwa kwa hesabu ya watu wengine, akajibu kwa hesabu yetu. Siku ile kaka alikula na wanaume, akarudi midomo inang'aa mafuta, akanipa mfupa nimalizie. Cheti baba alikitia ndani ya kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda chake, na kila mgeni aliyefika kwetu alionyeshwa, apende asipende.

Miaka miwili baadaye vita vilikuwa vimeanza. Tulisikia kwamba watu wanakamatwa kubeba mizigo ya askari, na majirani wakaanza kulala porini.

"Mwaka huu tukae nyumbani, baba watoto," mama akamwambia.

"Hatujakosa hata mwaka mmoja," baba akasema. "Boma wananijua." Hakuambilika.

Uwanjani hapakuwa na tarumbeta. Ng'ombe alichinjwa mmoja tu, na tulipokwisha kuingia askari wawili wakasimama mlangoni. Niliwaona, nikamvuta mama kanga. Baba yeye alikuwa ameshafika mezani, anatabasamu, anafungua kibuyu chake. Alikitoa cheti kwa mkono wake mwenyewe.

Karani akasoma, akaongeza miaka miwili kwa vidole.

"Kumi na minane. Huyu anafaa."

Baba alidhani anafaa kula nyama. Ilibidi aambiwe tena, kwa sauti, kwamba kuanzia kumi na minane wote wanakwenda Kondoa na mizigo. Hapo macho yakamtoka.

"Bwana karani, huyu ni mtoto!"

"Mwenyewe ulisema mwanaume."

"Basi nichukueni mimi."

"Wewe una sitini na miwili, mzee wangu. Hawataki wazee, wanafia njiani."

Mama alipiga magoti. Alimnyanyua kaka mkono, akawaonyesha askari kwapa lake lisilo na hata unywele mmoja. Askari mmoja alitazama pembeni. Karani alikuwa ameshaita familia nyingine. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia, ingawa alisoma tu kilichoandikwa.

Njia ya Kondoa inapita kwetu Msalato, kwa hiyo tulirudi nyumbani pamoja na msafara. Sijui kama ilikuwa bahati au adhabu. Kaka alitwishwa gunia la unga, shingo ikazama mabegani. Baba aliomba kumpokea walau kidogo, askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Tukatembea kando yao bila la kufanya. Mkononi nilikuwa nimeshika sukari guru yangu, niliyopewa kwa sababu cheti kilisema mimi ni mtoto.

Tulipofika penye kijia cha kwetu nilimtilia kaka mdomoni. Hakukataa. Aliimumunya huku machozi yanamtoka, akaendelea na njia, shavu moja limevimba.

Hakurudi. Waliorudi hawakujua aliangukia wapi.

Siku ya mfalme ilipofika tena, hakuna aliyetaja mji. Tulikwenda kupalilia. Jua lilipokuwa utosini baba aliliweka jembe chini.

"Leo ana mvua kumi na tano," alisema.

Mama aliendelea kung'oa magugu.