Kimlango cha Kuku cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Abuku, upande wa Koboko, na magoti yake hayapatani na umande. Hata hivyo kila alfajiri ilimbidi atoke kuwafungulia kuku. Mimi natengeneza redio na pasi mjini Arua, kwa hiyo mke wangu alimwahidi mamake, bila kuniuliza, kwamba nitamfanyia mlango unaojifungua wenyewe.

Nilichukua springi ya stendi ya pikipiki nikaifunga kwenye kimlango cha banda. Nikaweka komeo, na kutoka kwenye komeo nikapitisha kamba mpaka dirishani kwake. Akivuta kamba, komeo linaachia, springi inafanya kazi iliyobaki.

Asubuhi akavuta. Mlango ulifunguka kwa kishindo cha bunduki. Bata aliyekuwa nje akichungulia alirushwa moja kwa moja kwenye beseni la muhogo uliolowekwa. Kuku walikimbilia kona ya nyuma wakapandana migongoni, jogoo akiwa chini kabisa.

Kwa heshima ya ukwe, mama hasemi nami ana kwa ana. Husema na binti yake, hata nikiwa nimesimama katikati yao.

"Ambia mutu yako," alisema, "kuku yangu si askari."

Mke wangu akaniambia kuku si askari. Nikajibu kwamba nimesikia, naye akampelekea mama jibu hilo, hatua moja tu kutoka nilipokuwa.

Nikaongeza mpira wa tairi ili kuizuia springi. Mlango ukafunguka nusu, ukajirudisha, ukambana jogoo shingo. Akabaki kichwa nje, mwili ndani, akitutazama mmoja mmoja. Nikaondoa mpira, nikapaka bawaba grisi nzito. Baridi ya alfajiri ikaigandisha, na kuku wakatoka jua lilipokwisha kupanda, wakiwa na hasira. Kesho yake mama alitoka mwenyewe kwenye umande kuwafungulia. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Nikiwa najiandaa kurudi Arua kwa aibu, daktari wa mifugo alifika kwa jirani kuchoma mbuzi sindano. Nikamwona akivuta dawa nzito kwa bomba kubwa la sindano. Mti wa bomba, ule unaovutwa na kusukumwa ndani yake, ulikuwa ukipanda kwa kujivuta, kama mzee anayeamshwa usingizini. Nikajua huo ndio mwendo niliokuwa nautafuta.

Mjini niliingia duka la dawa za mifugo nikaomba bomba kubwa kuliko yote. Muuzaji akauliza ng'ombe ana uzito gani. Nikasema si ng'ombe, ni mlango. Akauliza kwa upole, "Mlango iko naugua nini?"

"Haraka," nikamwambia.

Akanifungia bomba kwenye karatasi, akanitakia mgonjwa apone.

Niliporudi Abuku nilifuta grisi, nikapigilia bomba kwenye fremu, nikafunga mti wake kwa waya kwenye mlango, karibu na bawaba, pale ambapo mlango husogea kidogo tu. Tundu la sindano nikaliziba kwa pamba, hewa iingie kwa shida. Mlango usingeweza kwenda popote mpaka bomba lipumue.

Mama akavuta kamba. Komeo likaachia, na kwa muda hakikutokea kitu. Kisha tukasikia "shiiii", na mlango ukaanza kufunguka taratibu kama wa nyumba ya mheshimiwa. Kuku walijipanga nyuma yake wakingoja. Jogoo alitoka wa kwanza, hatua kwa hatua, kifua mbele, na bata akarudi nyuma kumpisha.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwagiza binti yake aniambie kwamba kazi ni nzuri.

Siku hizi huvuta kamba, huwasha moto, huteleka chai, na mlango bado uko njiani. Majirani hupita na vikombe vyao kuutazama. Mmoja ameomba nimfanyie wa choo, lakini mke wangu amekataa kwa niaba yangu. Anasema mtu mwenye haja hawezi kungoja pamba.