Grisi Kwenye Kucha za Kornelio

Kornelio wa Mtoni alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita jalalani bila kuchungulia. Alitoka Masasi mwaka wa Uhuru kuja kutafuta kazi bandarini. Kazi hakuipata, akapata baiskeli. Ilikuwa ya kukunja, ya kizamani, imelala kwenye magugu nyuma ya nyumba ya Mzungu aliyekuwa amefunga virago. Aliisugua mwezi mzima kwa majivu na mafuta ya taa. Siku ilipokunjuka na kusimama, alilia. Mkewe Filomena alikuwa akisema hakulia hivyo hata siku ya harusi yao.

Tangu hapo akawa mtu wa baiskeli za kukunja tu. Moja aliikuta imefanywa mlango wa banda la bata, nyingine imeegemezwa pipa la maji. Baiskeli za kawaida, zile za kubebea magunia ya mkaa, aliwaachia mafundi wengine. Tulimcheka sana. Baiskeli ya kukunja, tulisema, ni kama mtoto mvivu: ukimtuma tu, anajikunja, eti tumbo linamuuma.

Ikaja operesheni. Asiye na kazi mjini apandishwe lori akalime kijijini, hata kama ana nyumba na mke na migomba yake. Kamati ya mtaa wetu ilipita nyumba kwa nyumba kuona kila mtu anafanya nini. Mimi nilikuwa karani wake kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, na mpaka leo sijausamehe mwandiko ule.

Katibu wetu, Ndugu Ansbert, alikuwa na baiskeli ya kukunja ambayo, kwa maneno yake, shemeji yake alimletea kutoka Ujerumani. Mtaa mzima tulijua imetoka kwa Kornelio. Tukanyamaza, maana mtu mzima husitiriwa.

Sasa, Kornelio na Filomena walilelewa misheni, watu wa adabu zao. Waliposikia wageni wa kamati wanakuja, wakafanya kama wafanyavyo watu wenye adabu. Uwanja ukafagiliwa, baiskeli zote nne zikakunjwa na kusukumwa uvunguni, spana zikaingia sandukuni. Filomena akapuliza pasi ya mkaa, akalinyoosha shati jeupe la kanisani. Tukamkuta Kornelio ameketi kibarazani, mikono imetakata, anatungoja. Jumanne asubuhi, saa tatu!

"Ndugu, kazi yako nini?" Ansbert akauliza, naye ameshika usukani wa baiskeli aliyotengenezewa na mtu huyohuyo.

"Fundi baiskeli, Ndugu Katibu."

"Ziko wapi hizo baiskeli?"

"Uvunguni."

"Tangu lini baiskeli ikakaa uvunguni?"

Filomena akakimbia ndani, akazivuta moja baada ya nyingine mpaka uwanjani. Ansbert akazihesabu kwa kidole. "Baiskeli nne mmezificha, na wananchi wanatembea kwa miguu? Huu ni ulanguzi. Chagua mwenyewe, Kornelio: huna kazi, au wewe ni mlanguzi?"

Mlanguzi alikwenda jela. Asiye na kazi alikwenda kijijini tu. Kornelio akamtazama mkewe. "Basi sina kazi," akasema.

Nikaandika: Hana. Niliandika vizuri, herufi zimelala upande mmoja.

Ansbert akageuza baiskeli yake aondoke. Kornelio akainuka. "Ndugu Katibu, usiipande hiyo. Pale kwenye bawaba niliweka msumari wa muda tu. Nilikwambia uje Jumamosi, hukuja. Bolti yako ipo, nimeshakuchongea."

"Ya Ujerumani haina misumari," Ansbert akasema, akapanda.

Hakufika mbali. Mbele ya genge la Mwamvita baiskeli ilijikunja, na Katibu ndani yake. Kornelio akachomoa spana na ile bolti sandukuni, akakimbia, akapiga magoti mchangani na shati lake jeupe. Alimnasua mtu kwanza, kisha akang'oa msumari na kutia bolti. Mikono yake ilifanya kazi bila hata kuangalia. Mwamvita, aliyekuwa akimenya mihogo, akapaza sauti:

"Nyie kamati, mie sijasoma. Lakini huyo anafanyaga nini hapo?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ansbert alikuwa na mchanga mdomoni, hakuweza kuniamuru lolote. Nikalikata lile neno, nikaandika juu yake: Fundi. Niliandika harakaharaka, mstari ukaenda upogo. Katika daftari zima, neno hilo ndilo pekee ninalojivunia.

Kornelio akabaki Mtoni. Filomena naye alikuwa amepata somo. Kuanzia siku ile mgeni yeyote akitarajiwa, hata padri, alizitawanya spana uwanjani na kumpaka mumewe grisi mpaka viwikoni.

Miaka mingi baadaye Kornelio alipofariki, nilikuwa miongoni mwa wanaume waliomwosha. Tulipofika kwenye vidole niliomba maji ya moto na sabuni zaidi, maana kucha zilikuwa nyeusi. Filomena akatokea mlangoni, macho yamemvimba. Akanitazama mimi, si wengine.

"Ziacheni hivyohivyo," akasema. "Huko aendako wasije wakamwandika tena hana kazi."