Babu wa Pili

Nimekulia nyuma ya meza ya mitumba pale Mchikichini, nikaja kuwa mwalimu wa darasa la pili kwenye shule ambayo ukifungua dirisha, Kariakoo yote inaingia ndani. Kwa hiyo watoto wangu hawanishangazi. Ukiwapa maswali ya kufanyia nyumbani, wanauliza bei ya mwisho mangapi. Naanza na kumi na matano. Tukikutana kwenye kumi, kila mtu anarudi kwao akijiona mjanja, mimi nikiwemo.

Aliyenishinda ni binti mmoja, mtoto wa mama muuza dagaa wa mtaa wa nyuma. Nilimwita asimame asome ukurasa wa kitabu chetu, wenye sentensi tatu tu: Mama alienda sokoni. Alinunua ndizi. Alirudi nyumbani.

Binti akakohoa kidogo, akasoma.

"Mama alienda sokoni. Akauliza, hizi ndizi vipi? Akaambiwa bei. Akasema aa, mbona mnatuua! Akajifanya anaondoka. Wakamwita, mama, mama, njoo tuongee. Alinunua ndizi. Alirudi nyumbani."

Darasa zima likampigia makofi.

"Hayo mengine yameandikwa wapi?" nikamuuliza.

"Hayajaandikwa, mwalimu. Lakini si ndivyo ilivyokuwa?"

"Umejuaje?"

"Sasa mwalimu, mtu anunue ndizi bila kuuliza bei? Huyo mama anaumwa?"

Kusema kweli, hata mimi miaka yote niliyofundisha kitabu kile yule mama alikuwa ananitia wasiwasi. Ila sikumwambia.

Tatizo ni kwamba sikujua kama anasoma. Kitabu kina picha: mama, kikapu, ndizi. Mwenye mdomo mwepesi anaweza kukuuzia ukurasa mzima bila kuangalia herufi hata moja. Nikifunika picha kwa kiganja, anasoma polepole, neno, neno, halafu ghafla anaachia breki na kuondoka na hadithi yake. Hapo huwezi kujua alichokisoma kimeishia wapi na alichokitunga kimeanzia wapi.

Na mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Pale shuleni kwetu mwalimu mkuu mwenyewe humwita kila mtoto wa darasa la pili ofisini, anampa kadi, anamsikiliza. Anayesoma kilichoandikwa anapanda la tatu. Asiyesoma anabaki. Binti huyu alikuwa ameshabaki mara moja.

Jioni nikapita kwa mama yake. Tukavutana bei kama kawaida, tukakubaliana, akapima, kisha akachota konzi moja ya dagaa akaimwaga juu. Ndiyo nyongeza. Muuzaji asiyeweka nyongeza, wateja wanamsimulia vibaya.

"Hii ndiyo kesi ya mwanao," nikamwambia. "Anaweka nyongeza."

"Kwenye nini?"

"Kwenye kusoma. Kitabu kinasema hiki, yeye anamwaga na kile juu."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Basi katoka kwangu. Si ana roho nzuri?"

"Ana roho nzuri, lakini mwalimu mkuu hapokei nyongeza. Akisikia neno lisiloandikwa, mtoto anabaki darasa la pili."

Kicheko kikakatika. "Mwalimu, si mdogo wake ndiyo anaingia la pili mwakani?"

"Ndiye huyo."

"Wakae dawati moja? Yule mdogo anavyojua kuchamba watu? Dada mtu atakataa shule!" Akachota konzi nyingine, akaielekeza kwenye mfuko wangu. "Mpandishe tu, mwalimu wangu. Nani atajua?"

"Mama, rudisha hizo."

Akarudisha nusu. Nikamwangalia. Akarudisha zilizobaki. Mtoto wa Mchikichini nakataa nyongeza: iliniuma mpaka nyumbani.

Kesho yake nikambakiza binti baada ya kengele. Nikaandika sentensi ubaoni, nikagonga nukta kwa chaki.

"Hii ni nini?"

"Nukta."

"Ukifika hapa, unafunga mfuko. Mteja kashapimiwa. Mfuko ukifungwa, huongezi kitu."

Akafikiri. "Mama hufungua tena."

"Mama yako ana meza yake. Hapa ni kwangu."

Tukaendelea hivyo wiki hadi wiki. Akifika kwenye nukta anafumba mdomo, mashavu yanavimba, unaona kabisa hadithi inapiga teke kutoka ndani. Lakini alifunga mfuko. Sentensi zikaanza kutoka kavu, zilivyoandikwa.

Siku ya kadi ikafika. Watoto walipanga foleni nje ya ofisi, na mimi nilikaa ndani pembeni, maana mwalimu wa darasa huwapo. Wakaingia mmoja mmoja, wakasoma, wakapanda. Mwalimu mkuu alisikiliza huku amefumba macho. Kadi ile aliijua kwa kichwa.

Zamu ya binti ikafika.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Soma."

"Babu ana mbuzi." Akafunga mfuko. Nikapumua. "Mbuzi wa babu wa babu alikula kofia."

Mwalimu mkuu akafumbua macho. "Babu wa nani?"

"Babu wa babu."

"Babu ni mmoja! Huyo wa pili umemtoa wapi?" Akanigeukia. "Mwalimu, huyu si ndiye yule wa ndizi uliyenisimulia? Bado anaongeza."

Nikamwona tayari yuko dawati moja na mdogo wake. Lakini binti hakutikisika. Alikuwa amekasirika, kama mtu aliyesingiziwa mzigo usio wake.

"Si wangu huyo," akasema. "Kaandikwa."

Nikainuka, nikaangalia kadi. Nikaangalia tena, kwa kidole. Mstari wa kwanza uliishia na "wa babu". Mstari wa pili ulianza na "wa babu". Aliyechapa ndiye aliyeweka nyongeza.

Nikampa mwalimu mkuu kadi. Akavaa miwani, akasoma, akavua, akafuta, akavaa tena.

"Kweli," akasema taratibu. "Mababu wawili."

"Anayebahatisha angesema mmoja," nikasema.

Nikawakumbuka wale waliotangulia, wote waliosoma babu mmoja bila kukwama, na ile minong'ono ya foleni nje, anayetoka akimnong'oneza anayeingia. Si kila hesabu inapigwa kwa sauti.

Mwalimu mkuu akaweka alama ya vema mbele ya jina lake. "Umepanda. Nenda."

Binti akashika kitasa. Hapo mwalimu mkuu akakohoa.

"Hebu ngoja. Huyo mbuzi... alipokula kofia, ikawaje?"

Binti akanitazama kwanza mimi.

"Mfuko umeshafungwa," nikamwambia.

"Mama hufungua tena," akasema, akarudi, akavuta kiti.