Usiondoke Mtoto Akiwa Amelala

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nikiwa mlezi kijana katika makao ya watoto upande wa Kalama, Ukambani. Nywele zangu zilikuwa nyeusi bado na mdomo wangu mwepesi, ingawa wajukuu wangu watakwambia mdomo haujazeeka.

Tulikuwa na mgeni, Anna, msichana wa Ulaya aliyekuja kujitolea kwa miezi michache. Alifua, alichota maji, na alikula muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharagwe, mpaka akaacha kuulizia mkate. Tulimpenda sote. Aliyempenda zaidi ni Mwikali, msichana wa kama miaka mitano. Huyu aliletwa kwetu baada ya mama yake kumlaza kwa jirani na kwenda zake. Aliamka, akaita, hakuitikiwa. Tangu hapo usingizi wa mchana aliukataa kabisa, isipokuwa mapajani mwa Anna.

Siku ya Anna kurudi kwao ikafika. Gari la kumpeleka Nairobi lilimngoja chini barabarani, maana mvua ilikuwa imeharibu njia ya kupanda kwetu. Mwikali alikuwa amelala. Anna alimweka kitandani polepole, akaja jikoni machozi yakimlengalenga, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaondoka sasa hivi, mtoto asije akaamka na kuumia. Mimi niliona ni wema mtupu. Nikabeba begi lake.

Mkuu wetu, mama mzee ambaye watoto walimwita Susu, yaani nyanya, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinuka.

"Huyu mgeni anaenda wapi bila kusindikizwa?" akaniuliza.

"Anaogopa mtoto atalia, Susu."

"Wacha alie. Ako na sababu. Mwambie kwamba hata mama yake Mwikali alingoja alale kwanza."

Mkalimani ni mimi, mwanangu, sikuwa na pa kujificha. Nilipoyasema maneno yale kwa Kiingereza niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyekuwa nasafiri. Anna aligeuka, akaenda kumwamsha mtoto.

Nisikudanganye, Mwikali alilia. Alilia akivaa viatu, akalia akiteremka ameshika mkanda wa begi, na Susu hakumwambia nyamaza hata mara moja. Kwetu Ukambani mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo Susu alimbebesha jogoo. Nikamweleza kwamba ndege haipakii majogoo. Akasema basi dereva atafurahi.

Barabarani Anna alipiga magoti. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Mimi naenda nyumbani. Sijui kama nitarudi."

"Ni mbali?" Mwikali akauliza.

"Mbali sana."

Mtoto alifikiri, akapangusa kamasi kwa mkono. "Haya. Enda salama."

Tulipanda kilima akilia nusu ya njia, nusu nyingine akiuliza kama chakula kimebaki. Jioni nilimsikia akiwaringia wenzake: "Anna ameenda kwao. Aliniaga mimi!" Nilifurahi mpaka nikaunguza chai.

Basi, mwanangu, utaondoka mara nyingi maishani, kwenda kazini, kwenda ng'ambo, pengine kwenda kulea watoto wa watu usiowajua. Mtoto muage akiwa macho. Usimwambie unaenda dukani na tiketi iko mfukoni, wala usimwahidi kurudi kama hujui. Kilio chake kivumilie. Mara nyingi tunapotoroka tunajihurumia wenyewe, kisha tunasema tumemhurumia yeye.

Mungu akupe safari njema, na kila uendako akupe watu wa kukusindikiza. Na asiwepo mtoto popote duniani atakayeamka akuite, usiitike, asijue ulikokwenda.