Bati Juu ya Pipa la Baba

Mtu akiniambia tena kwamba mvinyo mweupe wa maana hutoka nchi za baridi tu, nitamjibu vibaya, na aliye karibu anisamehe mapema. Mimi nimezaliwa Hombolo, kwenye nchi ya jua kali. Baba yangu aliutengeneza mvinyo huo hapa hapa, pipa moja kwa mwaka, kwa zabibu nyeupe za shamba lake mwenyewe, na baridi aliyoihitaji aliijua ilipo.

Ilikuwa ndani ya tembe la bibi. Majirani wote walishabomoa yao. Nyumba ile ya kuta nene na paa bapa la miti, nyasi na udongo ilishaonekana kuwa ushahidi wa ufukara. Baba naye alijenga ya matofali na bati kama wenzake, lakini tembe la mama yake alikataa liguswe. Humo aliweka pipa la mbao ya mwaloni alilopewa na mapadre walioacha kujitengenezea divai. Alilifunika magunia yaliyoloweshwa maji, na kila Jumamosi alilifungua akalijazia mvinyo wa akiba kidogo. Pipa nalo ni mnywaji, alisema. Ukiliacha lipungue hewa inaingia, na mvinyo unageuka siki. Nje jua likiwaka mpaka mbuzi wanagombea kivuli, ukiingia mle ndani unatamani kujitanda khanga.

Agosti moja akaja bwana mmoja, mnunuzi wa vinywaji wa hoteli ya mjini. Umri wake kama wangu, lakini alimsalimu baba yangu “Mambo, mzee,” akakaa kabla hajakaribishwa. Nilimchukia tangu hapo. Baba akamchotea glasi. Yule bwana akanywa, akanywa tena, kisha akauliza zabibu hizi zimenunuliwa milima gani ya baridi. Baba akamwonyesha shamba kwa kidole, maana linaonekana pale pale mlangoni. Jamaa akacheka kama mtu anayetaniwa. Ladha hii, akasema, yeye ameikuta ng'ambo tu, kwenye nchi za theluji.

Hata hivyo aliutaka wote. Angerudi Novemba na bosi wake wauonje, na wakikubaliana hoteli ingeuweka mezani, jina la Hombolo likiwa limeandikwa kwenye chupa. Baba alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mingi. Sharti lilikuwa moja. Bosi hawezi kuletwa kwenye nyumba ya udongo yenye kuku juu ya paa, kwa hiyo tuezeke bati.

Baba alikataa. Alisema bati litaleta joto, basi. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni, kitambulisho cha ofisi ya serikali kule Mtumba kikiwa bado shingoni, nilishikwa na aibu. Wala sikumwonea aibu yule asiyejua kuamkia wakubwa. Nilimwonea aibu baba. Niliuona ule kuwa ubishi wa kizee. Ndiyo elimu niliyosomeshwa kwa zabibu zake.

Oktoba baba akafanyiwa upasuaji wa jicho mjini, akakaa kwa shangazi wiki mbili. Aliniachia kazi ya kujazia pipa, nami nikajazia, tena nikaleta mafundi. Kwa siku tatu udongo wa paa la bibi ukawa lundo uani, na bati jipya likawa linameremeta. Fundi mmoja, mtu wa Kondoa, aliniuliza kama pipa halihamishwi. Nikamwambia afanye kazi iliyomleta.

Baba aliporudi, jicho moja limefungwa bandeji, hakunigombeza. Aliingia, akaweka kiganja juu ya pipa. Bati lilikuwa likitoa milio kwa joto juu ya vichwa vyetu, na jasho lilinitoka nikiwa nimesimama tu. Nikaanza kusema kwamba nilikuwa na nia njema. Akanituma maji.

Tukawa tunalowesha magunia mara nne kwa siku, tukatandaza mabua ya mtama juu ya bati. Pa kulihamishia pipa hapakuwapo, kwani nyumba nyingine zote ni za bati. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wiki ya tatu nilipong'oa kizibo harufu ya siki ilinipanda puani, nikajua kabla sijaonja. Nilitaka kumpigia simu yule bwana asije. Baba akasema mgeni uliyemwahidi humfungii mlango.

Wakaja. Kitu cha kwanza, yule bwana alilisifu paa. Bosi wake akaonja, akatoka nje, akatema kwenye vumbi.

“Usijali, mzee,” yule bwana akasema. “Si kosa lako. Mvinyo wa namna hii unataka nchi ya baridi. Huku kwenu joto limezidi.”

Nilifungua mdomo, lakini baba alinitangulia.

“Kweli,” alisema. “Joto la kwetu ni kali.”

Gari lilipoondoka nilimgeukia baba kwa hasira, mimi, mwenye kosa. Nilimuuliza kwa nini amekubali uongo, kwa nini ameitukanisha Hombolo nzima mbele ya watu wasiojua hata mzabibu unapogolewa lini. Alikuwa ameshaanza kuumimina mvinyo kwenye ndoo, polepole, uso wake kautazamisha ukutani.

“Ningetaja bati, wangeuliza nani kaliweka,” alisema. “Nimekusomesha mpaka Mtumba. Sitaki ukachekwe mlangoni kwangu.”

Siku hizi nasikia ofisini watu wakieleza, vikombe vya chai mkononi, kwamba mvinyo mweupe wa pipa ulijaribiwa Hombolo ukashindikana kwa sababu ya hali ya hewa. Baba bado ananikataza kuwajibu. Naandika haya bila ruhusa yake: bati niliweka mimi.