Waridi la Nyuma ya Kioo

Wiki ya harusi ya mdogo wangu sikukaa kitako. Nilikuwa naingia na kutoka chumba cha bi harusi, pale kwetu Jadida, kama kuku anayetaka kutaga, na sababu ilikuwa samadari ya Bibi. Kitanda hicho cha kuchongwa, chenye vioo vilivyochorwa maua, Bibi humwazima kila bi harusi wa ukoo wetu, kisha hurudishwa chumbani kwake. Macho yake yamefifia; sura zetu hazioni tena, anatujua kwa sauti. Lakini waridi jekundu la upande wa kichwani alikuwa bado akiliona. Kila asubuhi alilitazama, akasema, "Alhamdulillahi, leo pia lipo."

Rangi ya maua yale imepakwa nyuma ya kioo. Mbele hufutwa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Nyuma ni kupangusa vumbi tu, kwa kitambaa kikavu na mkono mwepesi. Shangazi, aliyeshuka bandarini Mkoani na chupa ya dawa ya vioo kutoka Unguja, hakutaka kusikia.

"Jaribu kwanza pembeni, Shangazi," nilimwambia. "Padogo, pasipoonekana."

"Mwanangu, kioo ni kioo. Una wasiwasi tu wewe."

Kweli ninao, wala sioni haya. Nilisoma maandishi ya kwenye chupa, nikaona ina spiriti, ambayo huyeyusha rangi, nikaificha nyuma ya kabati. Kisha nikaitwa jikoni kumimina chai ya wageni, na huko, mawazo yako chumbani, nikamwaga maziwa. Niliporudi, Shangazi alikuwa ameshaipata chupa yake na kuzunguka nyuma ya kitanda, kitambaa mkononi chekundu pyu. Pale penye waridi, kioo kilikuwa kinang'aa, kitupu.

Alikaa chini akalia. Nilikuwa na maneno makali mdomoni, nikayameza, maana nyumba ilikuwa imejaa watu na maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyethubutu kumwambia Bibi.

Harusi ikapita, kitanda kikarudishwa. Asubuhi yake nilimpelekea Bibi uji. Nilimkuta ameketi, uso ameuelekeza kichwani mwa kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, na jua limejaa chumba kizima.

"Mjukuu wangu," akasema, "hebu nifungulie dirisha. Leo kuna kiza, waridi silioni."